Nani Alikuwa Anararua Kurasa za Mwisho?

Wasee, kuna mtu alikuwa anaiba mwisho wa hadithi shuleni kwetu.

Si jalada, si picha. Ukurasa wa mwisho tu.

Mimi hufundisha Kiingereza karibu na Otonglo. Watoto wetu wanaongea Dholuo kutwa, Kiswahili kidogo sokoni, na Kiingereza wanakutana nacho kwa mtihani. Nikatafuta vitabu vya hadithi, vile rahisi rahisi, nikawaambia gredi ya sita: chagua unachopenda, enda nacho nyumbani. Kikikushinda, rudisha uchukue kingine. Maswali siulizi.

Wazazi wakanichukia. Eti mwalimu gani huyu anakaa tu watoto wakisoma hadithi? Mwenyekiti wao, Mzee Robinson, fundi wa pikipiki, ndiye alikuwa moto zaidi. Nyuma yake Mama Lorine, anayekaanga samaki pale steji ya matatu.

Halafu kurasa zikaanza kupotea.

Hedi, mwalimu mkuu wetu, aliniita ofisini, hakuzunguka. Ijumaa wazazi wanakuja. Wakikataa hivi vitabu, vinaenda stoo, na mkataba wangu ndio basi.

Ijumaa wazazi wakajaa ukumbini. Robinson alisimama na kitabu mkononi, hadithi ya mama na mtumbwi wake, amejaa hasira. Alisema ninawachezea watoto wao, hata vitabu vyenyewe ni vibovu, havina mwisho. Akataka watu wainue mikono tumalizane.

Mikono ikaanza kupanda. Nikaangalia viatu vyangu.

Ndipo Mama Lorine akasimama. Nikajua sasa nimezikwa.

Alifungua mkoba, akatoa karatasi zenye madoa ya mafuta, akaziweka mezani.

"Ni mimi nimetoa," akasema.

Akaeleza kwamba Lorine akishika kitabu hasikii akiitwa. Kwa hivyo yeye hutoa ule ukurasa wa mwisho, anauficha mpaka vyombo vioshwe. Kisha binti anamsomea, anamwelezea kwa Dholuo.

Hedi akamuuliza mbona basi hakuzirudisha.

"Kitabu inarudi shule, Mwalimu. Mimi nabaki na nini?"

Mimi machozi yalinilenga, sitaki kudanganya.

Robinson alikuwa bado amesimama. Akakohoa. Akamgeukia, sauti imeshuka kabisa.

"Mama Lorine, huyo mama wa mtumbwi alifika, ama alizama?"

Watu wote wakamwangalia. Ikabidi aseme ukweli. Griffins, kijana wake, humsomea hadithi hizi pale gereji jioni akifunga kazi, na tangu wiki jana mzee hajui yule mama alipatwa na nini. Ameuliza kila mtoto, hakuna anayejua.

Kumbe zile hasira zote! Na mimi huku nimeshaanza kufunga virago.

Mikono ilishuka yenyewe. Lorine akaitwa kutoka darasani. Huyu ni mtoto ambaye muhula uliopita alinijibu kwa kutikisa kichwa tu. Akashika ule ukurasa wa mafuta, akasoma kwa Kiingereza mbele ya wazazi wote, kisha akawaelezea kwa Dholuo.

Yule mama wa mtumbwi alifika. Robinson akaketi, akapangusa uso.

Vitabu viko, mimi niko. Kurasa tulizibandika kwa gundi, bado zinanuka samaki.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikupiga vita sana juu ya kitabu, muulize kwanza hadithi imemwachia wapi.