Leso za Dada Riziki

Jamani, nitawahadithia, lakini msinikatize, maana nikikatizwa naona haya, na nikiona haya naanza kutia uongo, na mkasa huu umeshaniaibisha vya kutosha ukiwa kweli tupu. Mimi ndiye yule Asumani wa ile sauti. Ndiyo, ile iliyopigwa kwenye spika asubuhi ya mchujo. Kama hamkuisikia basi nyinyi ni wachache kaunti nzima.

Dada Riziki ni dada yangu tumbo moja. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni, na aliyenibeba ni yeye, akanikogesha, akanisomesha, akawa muuguzi wa zahanati huku ananilea (mume alikuja akaondoka, tuyaache hayo). Hakuna mtoto pale mtaani ambaye hajalizwa na sindano yake. Sasa mwaka ule akasema anataka useneta. Si udiwani, la, useneta hasa, akakae kule Seneti awasemee wenye zahanati zisizo na dawa. Chama kikamwambia sawa, lakini kwanza upite kura za mchujo, upambane na mwenzako wa chama hichohicho, ukimshinda ndipo uende uchaguzi mkuu. Na mimi niko zangu Guangzhou, nanunua mikoba soko la Shiling napeleka nyumbani, basi nikajipiga kifua nikasema leso zote za kampeni ni juu yangu.

Za mchujo zilikwenda vizuri. Uso wake katikati, rangi ya chama pembeni, na jina la leso, yale maneno ya chini, likasema MUUGUZI WETU SENETA WETU. Nilimshikilia laobani wa kiwanda (ndivyo tunavyowaita mabosi wa huku) mpaka akanipa rangi isiyotoka hata uifue kwa jivu. Rangi hiyo nitairudia, niwekeeni.

Shida ilianza siku moja kabla ya mchujo. Dada alikuwa na hakika atashinda, akataka sampuli za leso za uchaguzi mkuu zianze kabisa. Niko kiwandani, mbali huko nje ya mji, naipiga picha sampuli namtumia, anajibu uso umekuwa mweusi sana. Laobani anabadilisha, ananung'unika. Natuma. Uso sasa umekuwa mweupe, watu watasema najichubua. Anabadilisha. Natuma. Hilo pambo la pembeni linanikumbusha leso ya msiba. Hapo laobani akazima mashine, akafuta mikono, akasema "bu xing", yaani haiwezekani, na akaenda kula.

Nilikuwa na njaa, miguu inaniuma, na Kombo, mwenzangu tunayepanga naye nyumba, alikuwa chumba cha pili tu, palepale kiwandani, anahesabu marobota yake. Ningepiga hatua kumi ningemtolea moyo wangu yakaishia pale. Sikupiga. Nilifanya uvivu, jamani, ni uvivu tu, nikashika simu nikabonyeza kile kipaza sauti nikasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka na dunia:

"Kombo, huyu dada yangu atanitoa roho, wallahi. Mara uso mweusi, mara uso mweupe! Mtu wa kupima watu homa na useneta wapi na wapi? Mimi ni ndugu yake tumbo moja, na hata mimi kura simpi!"

Nikaachia. Kutazama, kumbe sikutuma kwa Kombo, nimetuma kwenye kundi la kampeni, lenye wajumbe wa wadi zote. Lakini kando ya ujumbe pakawa na kile kisaa kidogo, maana yake haujaondoka. Mnajua huku programu za nyumbani hazifunguki mpaka uwashe VPN, ile ya kukwepea vizuizi vya mtandao, na VPN ilikuwa imekufa dakika ileile. Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikaufuta, ukapotea machoni pangu, nikaweka simu mfukoni, nikasahau. (Baadaye kijana mmoja wa kompyuta alinieleza kuwa ulipotea machoni pangu tu. Baadaye!)

Siku ya mchujo nikawaalika watu mkahawani, pale tunapopata pilau, tule mchana pamoja tukifuata habari. Huku saa sita na kitu, nyumbani ndiyo kwanza asubuhi, foleni zinajipanga. Nilikuwa nimejitupia leso ya dada begani, mtu mzima, ndevu na leso. Alikuwepo Kombo, alikuwepo Mama Wambui wa Nairobi anayenunua nguo soko la Zhanqian, alikuwepo na Mkongo mmoja anayeuza simu. Nikasimama nikasema leo mnakula na ndugu wa seneta, nikawasha VPN ili nipate habari, nikaiacha simu mezani nikaenda kunawa mikono.

Niliporudi nimekaa, pilau imeletwa, simu ya Kombo ikalia, mtu wa nyumbani kamrushia sauti kutoka kundi la kampeni. Akaisikiliza sikioni, akanitazama, akaisikiliza tena.

"Asumani," akasema polepole, "si sauti yako hii?"

Kabla sijajibu simu ya Mama Wambui ikapiga ileile, kwa nguvu, maana yule mama kidogo hasikii vizuri. Mkahawa wote ukaisikia. Hata mimi kura simpi. Nikajaribu kuicheka. Nikanyakua simu, naona ujumbe umerudi palepale, nikataka niufute kwa kila mtu, nikabonyeza, na kile kisaa kikatokea tena, VPN yangu imekufa. Nilichotaka kibaki kimekwenda, ninachotaka kiende kimebaki. Nikakimbia nje kutafuta mtandao, nikapanda kiti, nikainua mkono na leso begani, Wachina wa duka la jirani wananipiga picha.

Niliporudi ndani hakuna aliyekuwa anakula. Mama Wambui alikuwa ameshapata video kutoka nyumbani: gari la mpinzani limesimama mbele ya skuli yetu ya kupigia kura, spika mbili juu, foleni ya watu, na sauti yangu inatoka inarudiwa, inatoka inarudiwa. Wazee wanashika midomo. Mwanamke mmoja aliyevaa leso ya dada anaivua taratibu anaikunja anaitia kwenye kikapu. Huyo mwanamke ndiye nisiyeweza kumsahau.

"Buda, umechoma," akasema Mama Wambui kwa Kisheng chao cha Nairobi, yaani umeharibu kabisa, na hakucheka.

Mkongo akanisogezea maji tu. Nilitamani anitukane.

Dada alishindwa mchujo. Kwa kura chache mno, na chache hizo mimi nazijua zilikwenda wapi. Niliandika maneno marefu ya kuomba radhi, nikafuta, nikaandika tena. Yeye akaniandikia mstari mmoja: "Usibishane na watu mtandaoni. Kula ulale." Basi. Wiki zikapita nikasikia kwa watu kwamba anaingia uchaguzi mkuu kama mgombea huru, bila chama. Nikangoja aniagize leso. Kila simu ikilia naruka. Hakuniagiza.

Siku moja nimepeleka mikoba yangu ghala la kargo, naona robota limepasuka pembeni, uso wa dada unanitazama. Si mweusi, si mweupe, umetoka sawasawa. Nikaivuta leso nisome jina lake, na pale nikakaa chini sakafuni. Imeandikwa kwa herufi kubwa: HATA NDUGU YANGU KURA HANIPI, NIPE WEWE.

Jina la mpakiaji kwenye robota lilikuwa la Kombo.

"Alinikataza nisikwambie," Kombo akasema nilipomshika. "Alisema ukijua utakuja kiwandani kulia na kazi itachelewa."

Nyumbani wanawake waliigombania ile leso. Walicheka, wakaipenda, wakajifunga, na mimi nikawa mtu maarufu ambaye hakuna anayetaka kuwa yeye. Nikasema hapana, nitakwenda mwenyewe, kura yangu imeandikishwa kwenye ile skuli, nitampa mkononi. Nikakata tiketi.

Nimefika na vumbi la safari, dada akanipokea kama hakuna kitu, akanitilia maji ya moto bafuni, akanitupia leso. "Jifunge ukakoge," akasema. Ni hiyohiyo. Nikapita uani mbele ya shangazi zangu wote na maneno yale yamenikaa makalioni, na hakuna hata mmoja aliyeona vibaya kuyasoma kwa sauti.

Kesho yake nikapanga foleni. Mbele yangu leso, nyuma yangu leso, wananitazama wanainama kuficha kicheko. Nikaingia kwenye kile kibanda cha kadibodi, nikaweka alama kwa dada yangu, nikaikaza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Nikatumbukiza. Nilitoka nimejaa machozi, na walionitazama bila shaka walidhani ninalia kwa sababu nyingine.

Alishindwa. Yule wa chama alipita. Jioni ile tulikaa barazani, dada kajitanda leso yake, mimi nikakosa la kufanya na mikono yangu.

Siku hizi nikiwa na neno na Kombo nainuka naenda hadi alipo, hata kama ni ghorofa saba na lifti imeharibika, na kile kipaza sauti sijakigusa tena wala sitakigusa. Lakini leso zipo. Harusini zipo, matangani zipo, zinafuliwa zinaanikwa, na rangi haitoki, kiwanda ni kilekile, rangi niliipigania mwenyewe.

Jioni ile ya barazani nilimwambia, "Dada, wallahi, mimi nilikupa."

Akanikunjia kola ya shati vizuri, kama alivyokuwa akinifanyia nikienda skuli.

"Kura ni siri, Asumani," akasema, akaingia ndani kupakua chakula.