Mwalimu wa chuo anayeuliza siku za damu

Saa kumi na nusu alasiri wanawake wanavua viatu mlangoni kwa Mwanawema Jecha, kisiwani Makoongwe. Uani yametandikwa majamvi manne. Mlango wa njiani unatiwa komeo ili mwanamume asiingie, kisha somo linaanza.

Leo wanasoma habari za hedhi. Mwanamke mmoja aliyempakata mtoto anainua mkono. Damu yake ya mwezi imefika siku ya kumi na tisa. Asali au asisali?

“Sali,” Bi Mwanawema anamjibu. “Siku kumi na tano zimeshapita, hiyo ni istihadha, si hedhi tena. Koga, jifunge kitambaa, tia udhu kila sala ikiingia. Swali lako limekwisha, sasa langu. Kwa siku wabadilisha vitambaa vingapi? Ukisimama, waona kizunguzungu?”

Maswali hayo ya pili ndiyo yaliyomponza.

Bi Mwanawema ana miaka arubaini na saba. Asubuhi anakausha dagaa, jioni anasomesha wanawake dini, kazi ambayo hana mshahara nayo. Alipofika miaka thelathini na tisa, damu yake ilianza kupitiliza. Mara siku kumi na mbili, mara ishirini na mbili. Kwa miaka mitatu alikoga, akajifunga, akasali.

“Hukumu yake nilikuwa naijua neno kwa neno,” anasema. “Ugonjwa wenyewe mie nilikuwa siujui.”

Siku moja akaanguka kwenye chanja ya kuanikia, mikono imejaa dagaa. Walipomvusha hadi hospitali ya Mkoani na kumpima, kiwango cha damu yake kilikuwa tano, wakati mwanamke mzima hutakiwa awe na kama kumi na mbili. Nesi aliyempokea, Mwanakhamis Ngwali, alimuuliza hali ile imeanza lini.

“Mwaka wa tatu huu,” akajibu.

“Na umemwambia nani?”

“Nimemwambia Mungu.”

“Umefanya vyema,” nesi akasema. “Ungetwambia na sisi.”

Aliongezwa chupa tatu za damu. Baadaye akapasuliwa, wakamtoa uvimbe kwenye fuko la uzazi. Si kansa, walimwambia, lakini ulikuwa ukimnyonya taratibu.

Kitandani alimbana nesi kwa maswali mpaka akaelewa. Damu ya kawaida kwa mwanamke mzima hurudi baina ya siku ishirini na moja na thelathini na tano, na haizidi siku saba au nane. Ikipindukia hapo, ikitoka katikati ya mwezi, ikitoka baada ya kukutana na mume, au ikilowesha kitambaa kila saa, hiyo haivumiliwi, inapelekwa kwa daktari. Na mwanamke aliyekwishakatikiwa na hedhi mwaka mzima, likimtoka hata tone moja, akapimwe.

Aliporudi Makoongwe akaanza kuwauliza wanafunzi wake. Haikuchukua muda akaitwa na Mzee Kificho, msimamizi wa chuo cha Kurani alichokuwa akisomesha.

“Mwalimu, weye ni mtu wa kitabu,” mzee alimwambia. “Mambo ya hospitali yana wenyewe. Wanaume wanalalamika wake zao wanatumwa Mkoani kila siku.”

“Mzee wangu, mwanamke hulisema jambo hili anapotaka kujua kama asali,” akamjibu. “Nikinyamaza mie, atamwambia nani tena? Nao hao wanaolalamika, waje kwangu wenyewe.”

Hawakwenda. Wiki iliyofuata alikuta chuo kimetiwa kufuli jipya. Wanafunzi ishirini na sita walikuwa wamesimama nje, vitabu mkononi.

“Sikwenda kuuomba ufunguo,” anasema. “Niliwaambia, nyumbani kwangu kuna ua. Anayetaka kusoma anifuate.”

Kumi na mmoja walimfuata siku ile. Wengine waliogopa waume zao.

Katika hao kumi na mmoja alikuwamo Bi Mize Vuai, mwenye miaka sitini na miwili sasa. Alikuwa amekatikiwa miaka sita nyuma. Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia akaona matone, akaja kuuliza kama itambidi aache kufunga. Majirani walikuwa wanamtania kwamba ujana umemrudia, na mwenyewe aliuliza huku akicheka.

Mwalimu wake hakucheka. Alimwambia waende Mkoani kesho yake.

“Nikavuliwe nguo mbele ya madaktari wadogo kama wanangu?” Bi Mize aligoma.

“Atakayekupima ni mwanamke, nami nitakuwa nimekushika mkono. Usipokuja nitakaa mlangoni kwako mpaka uje.”

Alikaa kweli, tangu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri, akisuka ukili wa mkeka wake. Mwisho Bi Mize akatoka na buibui lake.

Vipimo vilionesha kansa iliyoanza kwenye fuko la uzazi. Kwa kuwa iliwahiwa, fuko lilitolewa. Huu ni mwaka wa nne, na bado anakaa jamvi la mbele.

“Watu waliniambia narudi usichana,” Bi Mize anasema. “Kumbe nilikuwa naondoka.”

Kufuli la chuo halijatolewa. Mzee Kificho, alipoulizwa na mwandishi huyu, alisema chuo ni cha kusomea dini, basi. Lakini wanawake wanaokuja uani sasa ni thelathini na wanne, na mmoja wao ni mkwe wake.

“Anajua,” Bi Mwanawema anasema. “Humwona mkwewe akipita na kitabu.”

Sasa anataka nesi Mwanakhamis avuke kila mwezi kuwapima wanawake damu hapo hapo uani. Ila kwanza amewaita waume zao hapo kwake, Jumapili saa mbili asubuhi, kwa kuwa wao ndio wanaotoa ruhusa na nauli ya boti. Ameshawatuma watu wapite nyumba kwa nyumba.

Na asipotokea hata mmoja?

“Wanakaa barazani kila jioni,” anasema, akianza kukunja jamvi. “Nitawafuata huko huko, niwasomeshe mbele ya kahawa yao.”