Bismillahi Kabla ya Maji

Nilipopata kazi ya kuosha vyombo kwenye jukwaa la kuchimbia mafuta, katika bahari ya baridi huko kaskazini ya mbali, bibi aliniuliza swali moja tu: "Na likiwaka moto, mnakimbilia wapi?"

Nilitoka nyumbani Ghubra, hapa Omani, kwenda kwenye mafunzo ya kujiokoa nikiwa na hamu ya kulijua jibu.

Kumbe hukimbii. Unavaa suti nene ya mpira inayokufunika kuanzia nyayo mpaka kichwani, uso tu unabaki nje, kisha unangoja boti au helikopta. Nilipoijaribu, jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Nikawa najiuliza ni bahari gani hiyo ambamo mtu anahitaji joto kama hili.

Lakini helikopta nayo inaweza kuanguka. Kwa hiyo kwenye bwawa la mafunzo palikuwa na kibanda cha chuma, mfano wa helikopta, kinaning'inia kwenye kreni. Tulifungwa mikanda ndani yake, kikashushwa majini, kikapinduka juu chini. Mkono mmoja ushike fremu ya dirisha, mwingine kifungo cha mkanda. Ubane pumzi kabla maji hayajafika kidevuni. Kibanda kikitulia, usukume dirisha, ndipo ufungue mkanda utoke. Ukiufungua mapema unaelea ovyo, hujui tena dirisha liko wapi.

Mikono yangu ilifuata yote hayo, lakini nilimeza maji, mpiga mbizi akanitoa nakohoa. Nikarudia, ikawa vilevile. Mwalimu, Mwomani ambaye kwao wanazungumza Kiswahili kama sisi, akaniita.

"Kijana, una kiu?"

Wenzangu wakacheka. Nikatazama chini.

"Haya maji ya vuguvugu," akaendelea, sasa bila mzaha. "Kule baridi yenyewe inakuvutisha pumzi, utake usitake. Kinywa kikiwa wazi, basi tena. Kesho jaribio la mwisho. Ukishindwa, nafasi yako anapewa mwengine."

Nilitaka kuijua baridi hiyo. Njiani nikanunua barafu, nikaimwaga kwenye beseni la kufulia uani, nikatia na maji. Bibi akavuta kiti.

"Barafu yote hiyo ya nini? Una wageni?"

"Nataka kutia uso."

"Haya, nnakutazama."

Nikatia uso. Kifua kikajivuta chenyewe, sikukiamuru, na maji yakanijaa kinywani. Niliinuka nakohoa, nikishangaa jinsi mwili unavyofanya mambo yake bila kuniuliza.

Bibi alishangaa jambo jengine. "Mbona ulipokuwa unatia uso midomo ilikuwa inacheza?"

"Nasema bismillahi, bibi."

"Ndani ya maji?"

"Si weye uliyenifunza nisiingie majini bila bismillahi?"

"Kabla ya kuingia, mwanangu! Nani aliyekutuma ukawasomee samaki?" Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. "Hebu rudia. Useme pale unapokaa kitako. Ukishasema, funga kinywa."

Tukarudia mpaka barafu ikayeyuka.

Siku ya pili nilisema bismillahi mara tu nilipofunga mkanda, kwa sauti, mpaka jirani yangu akasema, "Bado, ndugu, hata hatujaanza." Kisha nikafunga kinywa. Maji yakapanda, dunia ikageuka. Mwanga wa taa ukawa unatoka chini, mahali nilipodhani ni sakafu. Ningependa kuutazama zaidi, lakini mkono ulikuwa bado kwenye fremu. Nikasukuma dirisha, nikafungua mkanda, nikatoka mwenyewe.

"Leo hukunywa?" mwalimu akauliza.

"Nilishiba jana," nikasema. Sijui maneno hayo niliyatoa wapi.

Nyumbani bibi alikuwa ananingoja mlangoni. Aliponiona nacheka hakuuliza kama nimefaulu. Aliuliza lile swali lake.

"Haya, likiwaka moto mnakimbilia wapi?"

"Hatukimbii, bibi. Tunavaa, tunakaa kitako, tunasema bismillahi, tunafunga kinywa."

"Na soksi mvae mbilimbili, kwa baridi hiyo," akasema.