Nguruwe Aliyebandikwa Manyoya

Siku yangu ya kwanza kazini, patron, yaani mwenye ukumbi wa video kule Masisi, hakuniuliza nimesoma wapi. Alinipa mikro ya kusemea, akanionyesha benchi kando ya skrini, akasema: "Kaa pale. Bale Bachina bakifungua kinywa, na weye fungua." Kichina sikukijua, wala yeye hakukijua. Ukumbi ulikuwa umejaa watu waliotoka kupalilia maharage milimani, wote wakingoja niwaambie kinachosemwa. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya mtafsiri wa filamu, ambayo ninyi mnaoangalia kila kitu kwenye simu hamtaijua tena.

Mtafsiri hakutafsiri maneno tu; asiyoyajua aliyabuni kwa kutazama picha. Aliwapa wahusika majina ya kwetu ili mtazamaji asipotee. Alijua kulaza sauti, yaani kuipunguza sauti ya filamu kwenye spika mpaka yake isikike juu. Zaidi ya yote alijua kuonja. Katika hilo patron hakuwa na mchezo: hakuna filamu iliyotangazwa barabarani kabla mtafsiri hajaiangalia yote peke yake. "Muntu anatoka mbali," alisema. "Usimuitie chakula yenye haujaonja."

Baadaye nilihamia Walikale, kwenye ukumbi wa mbao ulioendeshwa na gérant kwa niaba ya tajiri wa mjini. Gérant huyo alivaa suruali zilizonyooshwa vizuri na hakupenda filamu hata kidogo. Siku moja alileta moja ya kutisha. Kwenye affiche, yaani picha ya kubandika mlangoni, palikuwa na nguruwe wa pori mkubwa kuliko lori, na mguu wa mtu ukining'inia mdomoni mwake. Nikaomba niionje kwanza.

"Groupe inakunywa essence, Papa," akanijibu. Groupe ndiyo jenereta, na essence ndiyo petroli. "Picha si unaiona? Enda utangaze."

Nikaenda sokoni na megafoni. Ninavyoandika haya, hasira ileile inanipanda.

Pale sokoni alikuwepo Papa Bahati, mkulima kutoka kijiji cha Mpofi, anatembea kwa fimbo. Alipasuliwa paja na nguruwe wa pori akilinda shamba lake la muhogo, na tangu hapo majirani walimfanya kichekesho. Walimwambia wenzake wanauawa na chui, yeye ameshindwa na nyama ya kuchoma. Aliposikia tangazo langu, alinijia taratibu.

"Papa mutafsiri, ile film inaonyesha namna nguruwe inapiga muntu?"

"Affiche njo inasema vile, Papa."

"Basi nitabaleta bale banacheka. Baone na macho yabo."

Na kweli aliwaleta. Walipanda juu ya lori la mizigo, mwendo mrefu kwenye barabara ile ya matope, wakaketi benchi la mbele. Yeye alikaa katikati yao, amevaa shati la kwendea kanisani.

Jamani, filamu ile! Nusu nzima tuliona majani yakitikisika tu. Halafu mume na mke wakaingia jikoni kugombana, nami nikatafsiri ugomvi wa ndoa mpaka koo likakauka. Kila mnyama alipokaribia, kamera iligeukia uso wa mtu anayepiga kelele. Mwisho akatokea mwenyewe: nguruwe wa kufugwa, mweupe, amebandikwa manyoya meusi, na bandiko limeachia kwenye sikio. Alikuwa anatikisa mkia. Watu wazima walikaa mahali wakakubaliana kwamba sisi tuogope kitu kile!

"Banaipaka makaa!" mtu akapiga kelele nyuma, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata mimi ningecheka. Lakini jirani mmoja wa Papa Bahati aligeuka, akamwuliza kwa sauti: "Bahati, njo huyu alikupasua paja?" Kicheko kikahama kutoka kwenye skrini, kikamwangukia yeye. Aliinamisha kichwa, mkono umeshika paja.

Gérant akaita kutoka mlangoni: "Papa, ongeza chumvi! Uchekeshe na ule kilema, batarudia kesho!"

Nililaza sauti mpaka filamu ikawa kimya kabisa. Nikainuka, nikampelekea Papa Bahati mikro.

"Haikukuwa kubwa," akasema. "Ilinifikia apa, ku magoti. Ilinipiga mara moja, nikaanguka. Nikajua sasa itanimaliza. Haikunimaliza. Ilirudia muhogo yangu. Mi niko chini, damu inatoka, nayo iko pembeni yangu inatafuna. Inatafuna tu. Haikuniangalia hata."

Kwenye skrini yule nguruwe aliendelea kutikisa mkia bila mtu wa kumwangalia. Jirani aliyeuliza lile swali aliokota fimbo iliyoanguka, akampa mwenyewe, wakatoka wote pamoja.

"Umeua film yangu," gérant akaniambia, na hapo hapo akanifukuza.

"Ilikuja imekufa, Patron," nikamjibu.

Nilifanya kazi kwingine, mpaka Itebero, hadi simu zilipozifunga kumbi zetu moja baada ya nyingine. Sasa nimerudi Masisi kwenye maharage yangu, na mafundi wa filamu ile ya nguruwe bado hawajaniomba radhi.

Vijana wa hapa huniletea simu zao nione wanyama wa siku hizi, warefu kuliko kanisa, waliotengenezwa kwa kompyuta, na mngurumo wa kupasua masikio. Ninaangalia mpaka mwisho, maana kuonja sijastaafu. Wakiniuliza kama nimeogopa, nami nawauliza: baada ya kumwangusha yule mtu, mnyama wenu alirudi kula nini?