Pasi ya Mwisho ya Oreste Malaguti

Katika mechi 412 Oreste Malaguti alifunga mabao matatu, na mawili kati ya hayo, kwa maneno yake mwenyewe, yalikuwa mpira uliomgonga tu ukaingia. Alikuwa kiungo mkabaji wa timu za daraja la nne, katika miji ya kando ya mto Po, kaskazini mwa Italia, ambako ukungu wa Januari huficha goli la upande wa pili. Alikuwa na kazi moja: kunyang'anya mpira na kuutoa papo hapo, mbele, bila kutazama. Aliyemfundisha ni baba yake, Learco, mfua jezi wa timu ya Borgonero, kwenye ukuta wa chumba cha kufulia. "Mpira ukikaa mguuni unaoza," Learco alimwambia. Oreste akichelewa, alirushiwa soksi iliyolowa maji.

Mechi yake ya mwisho, Mei 1991, ilikuwa dhidi ya Borgonero hiyo hiyo. Alikuwa na miaka thelathini na mitano, akichezea Castelvano. Hesabu ilijulikana hata kwa wauza magazeti: sare ingeziokoa timu zote mbili, atakayefungwa angeshuka daraja.

Hakuna aliyepatana na mwenzake kwa maneno. Haikuhitajika. Wakisubiri kuingia uwanjani, Tarcisio, nahodha wa Borgonero aliyekua naye mtaa mmoja, alimgusa bega.

"Mzee, leo tunatembea tu, eh? Mama yako ameshakanda tambi za Jumapili ijayo."

"Mwambie azifunike zisikauke," alijibu Oreste.

Wakatembea. Mabeki walipasiana kama watu wanaopeana chumvi mezani. Mashabiki walitafuna mbegu za maboga na kutema maganda. Oreste peke yake alitoka jasho. Kila mpira uliopita karibu naye, aliurudisha nyuma kwa kujilazimisha, kisha akatazama saa ya uwanja. Dakika ya themanini na nne. Ya themanini na sita. Kwenye benchi la wageni, Borgonero, Learco, ambaye bado aliwafulia jezi, alikaa na ndoo yake kati ya magoti.

Dakika ya themanini na nane Tarcisio alirudisha mpira kwa kipa wake, taratibu. Kipa alikuwa kando ya mlingoti, anakunywa maji. Mpira ulipita hatua moja kutoka kwa Oreste.

Mguu wake ulitoka. Kwa mguso wa kwanza aliunasa. Wa pili ukawa pasi.

Fabbri, mshambuliaji wake, alijikuta peke yake mbele ya goli tupu. Aligeuka kumtazama Oreste.

"Acha!" Tarcisio alipiga kelele. "Fabbri, acha, mshenzi wewe!"

Fabbri akapiga.

Borgonero ikashuka daraja. Wiki nzima simu ya Oreste haikulia. Jumapili alikwenda Borgonero kula kwa wazazi, kama kawaida. Kutoka baa ya ng'ambo ya barabara mashabiki wa Borgonero walimwona.

"Yuda huyo! Baba yako amekuwekea kamba, siyo tambi!"

Mama yake alifungua mlango. Learco alikuwa mezani, sahani yake haijaguswa. Oreste alibaki amesimama, kofia mkononi.

"Ulitazama kabla ya kutoa?" aliuliza Learco.

"Sikutazama, baba."

Mzee alifikiri. Kisha akasukuma kiti kwa mguu.

"Basi kaa. Na usiguse jibini ya tambi kabla yangu."