Mbegu Zilizochemshwa

Kwa miaka kumi na minane kazi yake pale maabara ilikuwa moja: kusaga mbegu za mmea mmoja mchungu wa kutambaa, kuchuja maji yake, na kuyabeba juu ya barafu hadi chumba cha mwisho, ambako wasomi waliitafuta protini ya kuua kirusi cha ini. Protini hiyo ikipata moto, imeharibika. Kwa kuwa alishinda na ndoo ya barafu mkononi kutwa, wenzake walimwita Barafu.

Jina lilimfaa kote, isipokuwa mdomoni. Siku kirusi kilipokufa, alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, fundi cherehani aliyekuwa mwaka wa tano akimeza vidonge vya ini.

"Tumekiua, mdogo wangu," alisema. "Hicho hicho chako."

"Kweli, dada?"

"Nimekiona kwa macho yangu."

Alichokiona kilikuwa kwenye kisahani cha plastiki, si ndani ya mtu. Hilo hakulisema. Msaga mbegu wa wasomi naye alitaka walau siku moja aonekane msomi. Tena mdogo wake alipomwomba mbegu, akamletea konzi nzima, eti akazipande uani. Zilipoota na kuzaa, hakuuliza zinakwenda wapi.

Mwaka haukuisha, macho ya fundi yakawa ya manjano na tumbo likajaa maji. Hospitali walipomuuliza kuhusu vidonge, akajibu amepata dawa bora zaidi. Alikufa siku ya nne.

Baada ya mazishi wifi yake alimwita jikoni, akamwonyesha sufuria iliyoungua kitako.

"Kila asubuhi nilimchemshia, wifi. Mpaka zinalainika kabisa. Nilikosea wapi?"

Barafu alijua marehemu alikuwa akinywa maji machungu tu. Mdomo huponza kichwa; wa kwake uliponza ini la nduguye. Aliona aibu.

"Hukukosea wewe," alisema.

Wifi alichukua kopo la vifungo kutoka kwenye cherehani ya marehemu pale pembeni, akalifungua. Chini ya vifungo kulikuwa na vidonge, pakiti hata hazijaguswa.

"Hivi aliniambia nivirudishe hospitali," alisema. "Wapewe wasio na dada kama wewe."