Ini la Ng'ombe wa Tatu

Daktari wa Shinyanga alinitoa maji tumboni, ndoo nzima na zaidi, kisha akaniambia ini langu limejaa makovu. "Ukigusa pombe tena, mzee, unajizika mwenyewe. Ukiacha, kilichobaki kinaweza kukusukuma miaka." Niliitikia tu. Darasa la nne langu halikufika huko.

Miaka ishirini nimechuna ng'ombe machinjioni, Kagongwa. Walioniharibu nawajua. Wa kwanza ni bosi wetu, aliyekuwa akitumiminia gongo kila alfajiri, eti mikono ipate moto. Wa pili ni mganga, aliyenilia mbuzi wawili huku tumbo likivimba, akidai shemeji yangu kanitupia kitu. Wa tatu mimi, niliyekunywa na kumchukia shemeji bure.

Siku niliyorudi kazini, ng'ombe wa tatu alitoka na ini lililokunjamana, gumu, rangi ya majivu. Ya namna hiyo nimeyatupa mengi. Safari hii nikamwita mkaguzi wa nyama, aliyejua habari za ini langu.

"Bwana nyama, hebu nipasulie hili taratibu."

Kisu kilikwaruza kama kinapita mchangani.

"La huyu ni minyoo," akasema. "Lako ni gongo. Lakini kovu ni kovu. Damu inakosa njia, inazunguka pembeni, maji yanavujia tumboni."

"Na alikuwa anatembea?"

"Si umemwona? Kaja kwa miguu yake kutoka mnadani."

Pembeni mwa ini lile kilibaki kipande chekundu, laini, hakizidi kiganja changu. Nikakishika. Kumbe hicho ndicho kilichomsafishia damu, kikamsimamisha kila asubuhi, na zigo lote lile la makovu limekilalia. Nimeshika maini maelfu, sikuwahi kuliona hata moja. Na ndani yangu kimo kama hicho, hakilali, kinanitumikia, nami nakimwagia moto!

Bosi akaja na kikombe. "Shika, mheshimiwa Tumbo. Mikono inakutetemeka."

"Iache itetemeke."

"Hapa asiyekunywa hachuni."

"Basi sichuni."

"Kaokoka huyo!" wenzangu wakaangua kicheko. "Jumapili atatuhubiria!"

Nilivua buti, nikamwachia kisu chake. Nyumbani nilikwenda polepole, mkono ubavuni upande wa kulia, nikiogopa kukitikisa kipande changu.